Mbona jana ulikuwa mzima?

Mama yule alifika jioni, akavua viatu mlangoni kama kawaida yake, akakaa kwenye benchi la wateja na kunyoosha mkono kupokea mfuko. Mfuko haukuwepo. Kitenge chake kilikuwa mezani: kimekatwa, mabega yameungwa, mikono bado, zipu bado. Mimi nilikuwa sakafuni nyuma ya cherehani, mgongo ukutani, mguu wa kushoto nimeunyoosha kwa sababu nyonga iligoma kukunjika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nguo yangu iko wapi?"

Nikamweleza. Usiku sikulala, mguu huu hauniruhusu kukaa kwenye kiti, binti anayenisaidia ameenda kwao Mkuranga, anivumilie kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, tena kwa upole, na ule upole ndio ulioniingia:

"Lakini jana si nimekuona Kariakoo, pale Mtaa wa Kongo? Umebeba majora, unacheka na wauza bitana. Mbona jana ulikuwa mzima?"

Hakuona vibaya. Jana yake nilikuwa mzima kweli. Nilizunguka maduka, nikabishania bei, nikarudi Tandika kwenye daladala nimesimama njia nzima na mzigo juu ya vichwa vya watu. Nikafika nikapika. Nikalala saa nne bila hata panadol. Saa nane usiku nyonga ikaniamsha.

Sikuwa na jibu.

Wiki kadhaa sasa, na bado namjibu kimoyomoyo. Nikichora kitambaa kwa chaki namjibu. Nikisubiri pasi ipate moto namjibu. Kila jibu linaanza vizuri halafu linaishia katikati, na mwishowe nimeona niandike, maana cherehani haiwezi kunisikiliza milele.

Sifa ya mafundi

Mnajua sifa yetu mafundi cherehani. "Njoo kesho." Kesho ukija, "umeme ulikatika." Kesho kutwa, "nimefiwa." Kuna fundi mtaani kwetu ambaye kwa hesabu za wateja wake ameshazika bibi watano. Kwa hiyo fundi anayesema anaumwa anaingia kwenye foleni ndefu ya waongo waliomtangulia, na mteja hana haja ya kuwa katili ili amshuku. Uzoefu unamtosha.

Mimi nina selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Siko seli, kama wengi tunavyoita. Sitaeleza hapa seli zinavyojikunja na kukwama kwenye mishipa. Kila mwenye redio amesikia hadithi hiyo tarehe 19 Juni, siku ambayo tunavalishwa fulana na kupigwa picha. (Kuna siku nitaandika kuhusu anayechagua kutuweka uwanjani asubuhi ya Juni, upepo unavuma, watu ambao baridi ndiyo adui yao.)

Ninachotaka kusema ni kwamba ugonjwa huu unakuja na kuondoka. Na kwa miaka yote hii nilidhani kuumwa ndiko kugumu. Yule mama amenifanya nianze kushuku kwamba kugumu zaidi ni kule kuondoka kwake.

Mtu aliyekatwa mguu haulizwi mbona jana ulikuwa nao.

Uchovu hauna pole

Maumivu, hata kama watu hawayaelewi, wanayapa heshima. Ukilia wanakuja. Ukishikilia ukuta wanakushika mkono. Uchovu haupati hata pole moja. Ukisema umechoka, kila mtu Dar es Salaam amechoka. Aliyeamka saa kumi alfajiri kuwahi gari la Gongo la Mboto amechoka. Unashindana na taifa zima.

Lakini nisikilizeni. Seli nyekundu ya damu ya mtu asiye na ugonjwa huu hukaa mwilini siku 120 hivi. Ya kwangu hukaa kati ya siku 10 na 20, inavunjika. Maana yake uboho, ule ulio ndani ya mifupa, unatengeneza damu usiku na mchana bila kufikia lengo. Hata nikiwa nimelala, mwili wangu uko kazini. Ndiyo maana naweza kulala kwa muda wa saa tisa na kuamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Na kulala kwenyewe ni kwa vipande. Tunaambiwa tunywe maji mengi, na ni ushauri wa kweli kabisa, maji yanasaidia damu ipite. Ila figo za mwenye selimundu hushindwa kukoleza mkojo vizuri, kwa hiyo maji yanaingia na kutoka. Usiku naamka mara kwa mara. Mchana, kabla sijapanda gari lolote, ninapiga hesabu ya choo: kiko wapi, kinalipiwa, kina maji? Siku za foleni ya Barabara ya Mandela nimewahi kuchagua kiu kwa makusudi, nikijua kiu hiyo inaweza kunilaza kesho yake.

Nikipimwa wingi wa damu, yangu huwa 7. Nikienda kliniki daktari akasoma 7 anafurahi: "Uko vizuri." Na kweli kwangu hiyo ni vizuri, ikishuka 5 ndipo tunaanza kuzungumza kuongezewa. Dada yangu alipokuwa mjamzito damu yake ikasoma 8, familia nzima ilikusanyika. Akanunuliwa maini, rozela, mchicha, akakatazwa kufua. Nilimfulia mimi.

Sikusema kitu, maana hata mimi nilimwonea huruma. Nilikuja kukumbuka hesabu baadaye nikiwa naanika.

Sifuri hadi kumi

Hospitalini kuna swali jingine, nalo ni la namba. Sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Wewe uko wapi?

Mtu aliyeishi na maumivu tangu utotoni anajibuje? Kumi yangu niliipata nikiwa na miaka kumi na mitatu, kifua kikibana na hewa ikikataa kuingia, mama akiniambia nitamke shahada. Nikipima kwa hiyo, siku nyingi niko nne. Lakini nne yangu ingemlaza mtu mwingine chini. Nikisema nne, nitapewa panadol na kuambiwa nisubiri. Nikisema tisa, nitaangaliwa usoni. Na uso wangu hauna machozi, kwa sababu kulia kunachosha na kunakausha maji. Nimejifunza kuumwa kimya. Muuguzi mmoja, sitasema wa wapi, alinitazama nikiwa nachezea simu ili nisifikirie mguu, akamwambia mwenzake, "Huyu amezoea sindano za maumivu tu."

Kuna utafiti uliofanyika jimbo la Virginia, Marekani, ukachapishwa mwaka 2008. Watu wazima 232 wenye selimundu waliombwa kuandika kila siku kama wameumwa, kiasi gani, na kama wamekwenda hospitali, kwa muda wa hadi miezi sita. Zilipojumlishwa siku zote zilizoandikwa, zaidi ya nusu zilikuwa za maumivu. Siku ambazo watu walikwenda kutafuta huduma zilikuwa asilimia 3.5 tu. Na karibu watu watatu katika kila kumi walikuwa wakiumwa karibu kila siku ya Mungu.

Niliposoma nilikaa kimya muda mrefu. Sio kwamba sikujua. Nilijua, ila nilidhani ni mimi.

Daktari ananiona nikiwa chini kabisa, nimebebwa. Mteja ananiona nikiwa juu kabisa, Kariakoo, nacheka. Katikati hapo, ambako ndiko ninakoishi siku nyingi, nikiwa na nne yangu mguuni na sindano mkononi, hakuna shahidi. Kwa hiyo yule mama hakuwa na kosa lolote la macho. Aliona ncha mbili akazilinganisha.

Maji mchana wa Ramadhani

Hakuna mwezi unaoufunua ugonjwa huu kama Ramadhani.

Kwanza, ndio mwezi wa kazi. Kuanzia kumi la pili fremu yangu inajaa vitambaa vya sikukuu: madera, kanzu za watoto, abaya, sare za familia ambazo lazima ziwe tayari kabla mwezi haujaandama. Pili, ni mwezi ambao siwezi kufunga. Kukaa na kiu kuanzia alfajiri mpaka magharibi, kwa damu kama yangu, ni kuita maumivu kwa jina. Daktari alishanikataza tangu nikiwa msichana.

Dini haina shida na hilo. Sura ya al-Baqara imesema wazi: mgonjwa atimize hesabu siku nyingine, na asiyeweza atoe fidia, chakula cha maskini. Wanazuoni wametenganisha. Anayetarajiwa kupona analipa siku zake baadaye. Asiyetarajiwa kupona analisha maskini mmoja kwa kila siku.

Sasa mimi ni yupi?

Sitapona. Lakini pia si kila siku naumwa. Kuna siku za Ramadhani nimeamka mwepesi, sina hata dalili, nikajiuliza kama nikinywa maji leo nitakuwa nimekunywa kama mgonjwa au kama mvivu. Miaka ya nyuma nilijaribu kufunga siku hizo nzuri. Zilipita salama mara nyingine, na mara nyingine hazikupita, na sikuweza kabisa kujua mapema ni ipi.

Nilimwendea shehe wa msikiti wetu, mzee mtaratibu, nikamweleza. Hakufungua kitabu. Aliuliza, "Daktari amesemaje?" Nikamwambia. "Amesema usifunge siku unazoumwa, au usifunge?" Nikamwambia amesema nisifunge. "Basi wewe si wa siku. Wewe ni wa mwaka mzima. Lisha."

Nimeifikiria sana kauli hiyo. Iliniondolea mzigo, na hapohapo ikanitia simanzi, kwa sababu ilinitoa rasmi kwenye kundi la watu wazima wenye afya waliopatwa na homa, ikaniweka na wazee. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Lakini aliona jambo ambalo mimi nilikuwa silioni: kwamba siku yangu nzuri si siku ya uzima. Ni siku ya mgonjwa ambaye leo haumwi.

Bado nakunywa maji nyuma ya pazia, hata hivyo. Fatwa haifiki kwa mteja anayeingia saa nane mchana kuchukua vipimo.

Kuficha siku nzuri

Baada ya yule mama kuondoka (nguo yake aliipata siku ya tatu, akalipa kamili, akaniombea dua) nilianza kufanya kitu ambacho sikukiona mara moja.

Nilianza kujificha nikiwa mzima.

Bitana ikiisha, namtuma binti Kariakoo, ingawa miguu yangu ni mizima na nafasi ninayo. Kwenye shughuli ya jirani nilikaa kwenye kiti tangu mwanzo mpaka mwisho, taarabu inapigwa, wenzangu wananivuta mkono, nasema nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nafikiria: nikionekana nacheza leo, kesho nikiumwa itakuwaje? Mteja mmoja yuko meza ya tatu. Gauni lake halijaisha.

Hata kutembea kulibadilika. Ukishajua kuwa unatazamwa, hatua inakuwa na hadhira. Kuna asubuhi nilijikuta nashuka ngazi za fremu taratibu kuliko nyonga ilivyodai, kwa sababu mwenye duka la jirani alikuwa amesimama pale. Si uongo kamili. Nyonga yangu ni mbovu kweli. Kwa wengi wetu damu hukosa kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa ukafa kidogo kidogo. Lakini asubuhi ile haikuwa ikiuma.

Kwa miaka mingi nilifanya kinyume. Nilificha siku mbaya ili nipate wateja: macho yakiwa ya njano navaa miwani, nikiumwa nasema nina mafua. Na sasa nimegeuka, naficha nzuri ili niaminiwe. Nikajiuliza kama kuna siku hata moja ambayo nimewahi kuonekana nilivyo.

Binti ndiye aliyelivunja. Mchana mmoja kazi ni chache, mimi nimejilaza kwenye mkeka, naangalia dari. Akaacha kuvuta uzi akaniuliza:

"Dada, leo unaumwa?"

"Hapana."

"Sasa mbona umelala?"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Swali lilelile, limegeuzwa shati ndani nje. Yule aliniuliza kwa nini naumwa wakati jana nilikuwa mzima. Huyu ananiuliza kwa nini niko chini wakati ni mzima. Nikaamka. Nikaenda mwenyewe kununua vifungo, kwa miguu, njia ya mbali.

Kaunta buku

Kwa sababu ya ule utafiti wa Virginia, nilinunua kaunta buku na kuanza kuandika. Si shajara ya hisia, sina muda huo. Mistari mifupi: nimelala vipi, nimekunywa maji kiasi gani, kazi gani, hali ya hewa, wapi panauma, namba yangu (ya kwangu, si ya hospitali).

Nilikuwa na lengo, na lengo lenyewe ni la kifundi: kutafuta mshono uliofumuka. Nilitaka nione kosa. Nikiumwa Jumanne, nirudi Jumatatu nione nilifanya nini, nisifanye tena. Hata watu wa karibu huniuliza hivyo. Mama yangu kwenye simu, kabla ya pole, anauliza, "Ulifanya nini?" Ulikaa kwenye feni? Ulifua? Hukunywa maji? Ulikasirika?

Vichochezi vipo, sivikatai. Baridi ipo, Juni na Julai kurasa zangu ni mbaya. Malaria na maambukizi mengine yapo. Kiu ipo. Kusimama mno, mawazo, siku za hedhi, yote yameandikwa humo kwa mwandiko wangu.

Lakini nilipokaa chini kupitia kurasa, mara nyingi sana nilikuta usiku wa maumivu uliotanguliwa na siku isiyo na kosa lolote. Maji nimekunywa. Nimelala. Nimekaa. Hakuna baridi. Na kuna siku za Kariakoo, majora kichwani, jua la saa saba, ambazo hazikulipiwa na chochote. Daktari wa kliniki nilipomwonyesha hakushangaa. Alisema mashambulizi mengi ya maumivu huja bila sababu inayoonekana, na kwamba wagonjwa wake wengi hawapendi kusikia hivyo.

Mimi nilipenda. Sikutegemea, lakini nilipenda.

Maana ina maana kwamba yule mama alikuwa akiuliza swali lisilo na jibu, na mimi wiki zote zile nilikuwa nikijaribu kulipatia. Jana nilikuwa mzima kwa sababu hakuna sababu. Leo naumwa vilevile. Safari ya Kariakoo haikuwa kosa na haikuwa ushahidi.

Kuna kitu kinapotea hapo pia, nakubali. Ukiwa na kosa una uwezo wa kulirekebisha. Mama yangu akiuliza "ulifanya nini?" anatafuta mahali pa kushika. Aliambiwa nikiwa mdogo kwamba sitamaliza shule ya msingi, akakataa kunizika mapema kwa kuhesabu sweta, glasi za maji na vidonge vya foliki. Siwezi kumwambia kwamba nusu ya hesabu zile hazikuwa na kazi. Na pengine zilikuwa nayo: niko hai.

Video za dawa

Kila baada ya muda mfupi mtu ananitumia video WhatsApp: "Dawa ya siko seli imepatikana!" Huwa ni moja kati ya mbili. Ya kwanza ni mti fulani na namba ya simu, hiyo nafuta. Ya pili ni Casgevy, tiba ya kuhariri vinasaba iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Hiyo ni ya kweli, na bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Niliwahi kuigeuza shilingi kwenye kikokotoo cha simu, nikaacha.

Kinachonigusa zaidi hakina video. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, wakimeza dawa ya haidroksiyurea kila siku. Mashambulizi ya maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ikapungua, vifo vikapungua. Ni kidonge, si muujiza. Mimi nakimeza nikikipata na hela ikiwepo, na miezi ambayo vyote viwili vinakutana, kaunta buku inaonyesha. Kliniki ninapokaa kwenye benchi, walionizunguka ni watoto na mama zao. Sisi watu wazima tuko wachache, na mama hao hunitazama kwa namna ya kuhesabu miaka. Siku hizo huwa navaa vizuri.

Tarehe mbili

Ushauri unaotolewa sana kwa watu kama mimi ni huu: pumzika kabla hujachoka, usitumie siku nzuri kufidia siku mbaya. Ni ushauri sahihi, na umeandikwa na mtu mwenye mshahara. Kodi ya fremu haijui uboho. Siku nzuri ikija na gauni nane ziko mezani, nitashona, na nitashona mpaka usiku, na sitaomba radhi kwa hilo.

Nilichobadilisha ni ahadi. Zamani nilikuwa nikiandika tarehe moja kwenye karatasi ya mteja, na tarehe hiyo ilikuwa kamari kuhusu mwili wangu. Sasa naandika mbili: ya mapema na ya mwisho, na kati yake naacha siku za kutosha kuumwa. Kukata na kuunganisha, kazi za macho na mabega, nazifanya siku nyepesi. Upindo, vifungo na kushika bitana kwa mkono naviweka kwenye kikapu cha siku ambazo niko mkekani lakini vidole vinafanya kazi. Cherehani ya miguu nimeiuza. Ya umeme inakula LUKU lakini haiguswi na nyonga. Binti nimempandisha, sasa anakata mwenyewe madera na sketi.

Wapo wateja walioondoka. Mtu mwenye harusi Jumamosi hataki kusikia "kati ya Jumatatu na Ijumaa", na namwelewa. Wapo waliobaki, na wachache wamesema kwamba ni mara ya kwanza kukutana na fundi ambaye tarehe yake ya mwisho ni ya mwisho kweli.

Ambalo sijaliamua ni kama nimweleze mteja mpya tangu mwanzo. Nikisema "nina selimundu" kabla hajafungua kitambaa, nitakuwa nimejitetea kabla sijashtakiwa, na wengine watakifunga kitambaa chao. Nisiposema, siku moja ataniona Kariakoo. Kwa sasa nasema kwa wale wanaorudi mara ya pili. Sijui kwa nini ya pili.

Mwezi ujao kuna sare za sendofu, gauni nyingi kuliko ninavyozikubali siku hizi. Nimechukua nusu, nusu nimempa fundi wa fremu ya tatu, yule wa bibi watano, kwa masharti kwamba malipo ya awali yanakaa kwangu. Mwenye shughuli amekasirika. Anasema mafundi wawili, mikono miwili, gauni hazitafanana, na wapiga picha wataona. Nimemwambia nitakata zote mimi mwenyewe, yule fundi atashona tu. Amesema atafikiria, na hajanipigia bado.